Mafuta ya breki hayaongezwi, hubadilishwa

Najua wengi mlikuwa mkingojea sehemu ya pili ya hifadhidata, nayo itakuja. Leo lakini nina jambo limenikaa rohoni, na halina kompyuta ndani yake, ingawa naamini yeyote aliyewahi kuandika programu atalielewa upesi kuliko mafundi wengi wa magari.

Kuna kauli nimeisikia gereji za Magongo, nikaisikia Mtopanga, na huku kwetu Likoni ndiyo usiseme. Hata mjomba wangu, ambaye ameendesha Probox ya abiria kati ya Likoni na Ukunda miaka mingi, nilipomuuliza, "Mjomba, haya mafuta ya breki yalibadilishwa lini?" alinitazama kama mtu aliyeulizwa bahari hubadilishwa maji lini. "Mafuta ya breki hayabadilishwi, baba. Huongezwa tu."

Kauli hiyo ni kosa mwanzo hadi mwisho. Mafuta ya breki hubadilishwa. Na kuyaongeza tu, bila kuuliza yamekwenda wapi, ndilo jambo baya zaidi unaloweza kuifanyia breki huku ukidhani unaitunza.

Tuanze na namna kitu kinavyofanya kazi, maana nimegundua watu huendesha gari miaka 20 bila kujua. Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma majimaji kwenye mabomba membamba hadi magurudumuni, na huko yanasukuma pistoni nyingine kubwa zaidi zinazobana pedi kwenye diski, au zinazotanua shuu ndani ya drum. Hakuna waya, hakuna mnyororo. Kati ya mguu wako na gurudumu kuna majimaji tu. Yanafaa kazi hiyo kwa sababu moja: majimaji hayabonyezeki. Unachosukuma huku ndicho kinachotokea kule.

Walioyabuni hawakuwa wajinga. Masta silinda ina vyumba viwili, na mabomba yamegawanywa njia mbili, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Ni kama seva mbili, moja ikianguka nyingine inashika kazi. Tatizo ni kwamba zote mbili zinakunywa kutoka kitangi kimoja, majimaji yaleyale yenye umri uleule. Ukishakuwa na bakapu mbili zenye ugonjwa mmoja, huna bakapu.

Ugonjwa wenyewe ni maji.

Tunayaita mafuta, lakini si mafuta. Ni kemikali ya jamii ya glaikoli, na ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. Weka kidogo kwenye kisahani wazi hapa Mombasa, ambako unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70, na kitaanza kunywa hewa ya pwani papo hapo. Ndani ya gari jambo hilo linatokea polepole: unyevu hupita kwenye mipira ya breki, hupita kwenye kifuniko cha kitangi. Huwezi kuuzuia. Gari ikitembea unanyonywa, ikilala unanyonywa.

Kwa nini maji ni mabaya? Sababu ya kwanza ni kutu, nayo inajieleza. Ya pili ndiyo inayoua. Chupa zote zina namba, DOT 3, DOT 4 na kadhalika, na namba hizo zimefungwa kwenye viwango vya joto la kuchemka. DOT 3 ikiwa mpya ni lazima isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia kama asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 inaanza 230 na kushuka hadi 155. Soma tena hapo. Kiasi cha maji kisichofika asilimia 4 kimekula nyuzi 65 za DOT 3 yako!

Majimaji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Basi siku hiyo unakanyaga pedali, inazama hadi sakafuni kama umekanyaga godoro, na gurudumu halina habari. Ukisimama nusu saa likapoa, pedali inarudi ngumu kama kawaida. Fundi akija haoni kitu. Wanaoandika programu wanajua hitilafu ya namna hii: inatokea kwa mteja tu, na ukiletewa mashine mezani inafanya kazi vizuri, unabaki unajikuna kichwa.

"Lakini joto la nyuzi 140 litoke wapi? Mimi naendesha mjini." Swali zuri. Tufanye hesabu kidogo, shahada yenyewe nililipia karo.

Chukua Probox yenye abiria na mizigo, tuseme kilo 1,500 kwa jumla, iko kasi ya kilomita 80 kwa saa. Nishati yake ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi, inakuja kama kilojuli 370. Ukiisimamisha kwa breki, karibu nishati yote hiyo inageuka joto kwenye vyuma vya breki. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 314. Kwa hiyo kila ukisimama mara moja kutoka kasi ya 80, breki zako zimepokea joto la kuchemsha birika la chai na kubaki.

Mara moja si kitu. Chuma ni kingi, kinapoa. Lakini hebu panda Kwale. Wenyeji wa Likoni wanaijua njia: Kombani unakata kulia, unapanda vilima vya Shimba hadi Kwale mjini. Kupanda si shida. Wakati wa kurudi, gari imejaa, fanya umeteremka mita 250 tu kwa kimo. Uzito mara kimo mara mvutano wa ardhi, unapata kilojuli zaidi ya 3,600. Hiyo ni sawa na kusimama kutoka kasi ya 80 karibu mara 10, mfululizo, bila nafasi ya kupoa. Upepo na injini vinabeba sehemu, na ukiweka gia ya chini injini inabeba sehemu kubwa sana. Ukiweka gia huru "kuokoa petroli", na nimepanda gari za namna hiyo, zote zinakwenda kwenye breki.

Ndiyo maana hoja ya "gari yangu haijabadilishwa mafuta ya breki tangu inunuliwe na inasimama sawasawa" hainishughulishi. Inasimama sawasawa Moi Avenue. Programu yangu pia inafanya kazi sawasawa nikiwa mtumiaji peke yangu. Ngoja waingie watu 10,000 usiku mmoja.

Nisikuzwe maneno, sisemi kila ajali ya pwani ni mafuta ya breki. Breki nyingi zinazofeli zinafeli kwa sababu za kawaida kabisa: pedi zimekwisha, mpira umepasuka, silinda ya gurudumu inavuja. Na magari mengi yana mafuta ya zamani yasiyochemka kamwe, kwa kuwa hayajawahi kuombwa kazi ngumu. Lakini huku kwetu mitihani haikosekani. Kuna Kwale. Kuna Mazeras ukirudi kutoka bara na mzigo. Na kuna ile rampu ya feri Likoni, ambapo joto si hoja, hoja ni kama silinda na mipira yako, vilivyokaa ndani ya maji na kutu kwa miaka, vitashikilia gari kwenye mteremko huku mbele yako wakipita watu wa miguu na mikokoteni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari iliserereka kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee ikazama, mama na binti yake mdogo wakafariki. Siihusishi ajali ile na ubovu wa breki. Naikumbuka kwa sababu nyingine: pale kivukoni nafasi ya kosa ni mita chache, na baada ya hapo ni maji.

Haya, turudi kwenye kuongeza.

Kitangi cha mafuta ya breki kina alama mbili, ya juu na ya chini. Ukiona yameshuka, yamekwenda wapi? Hayaungui kama mafuta ya injini. Yapo majibu mawili tu. Jibu la kwanza: yanavuja, na hilo ni la kushughulikia leo, si kesho. Jibu la pili, la kawaida zaidi: pedi zinaisha. Kadiri pedi inavyokuwa nyembamba, pistoni inatoka nje zaidi ili iifikie diski, na nafasi iliyoachwa nyuma yake inajazwa na majimaji. Kitangi kinashuka polepole, mwezi kwa mwezi, hadi taa nyekundu kwenye dashibodi inawaka, ile ile inayowaka ukivuta handbreki.

Kwa maneno mengine, kile kitangi ni kipimo cha pedi! Wahandisi wamekupa ujumbe wa bure. Fundi anayefungua kifuniko, anamimina hadi juu, na kukwambia "tayari bosi", ameufuta ujumbe. Amefanya kile anachofanya mwandishi wa programu mvivu akiona hitilafu inatokea: anaikamata, anaimeza kimya kimya, programu inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Taa imezimika, mteja amefurahi, pedi bado zinaisha.

Na kuna malipo ya baadaye. Siku pedi mpya zikifungwa, pistoni zinarudishwa ndani, majimaji yote yaliyoongezwa yanarudi kitangini na kumwagika. Mafuta haya hula rangi ya gari. Ukiona gari ina madoa ya rangi iliyobambuka karibu na masta silinda, unaweza kumsoma historia yake bila kuuliza. (Yakimwagika, mwaga maji mengi haraka. Usifute kwa tambara kavu.)

Kisha ile chupa yenyewe ya kuongezea. Iko wapi gereji nyingi? Juu ya rafu, nusu, kifuniko kimelegea, tangu mwaka gani hakuna ajuaye. Chupa iliyofunguliwa ikakaa imeshanyonya unyevu. Unaongeza maji kwenye maji. Mimi nanunua chupa ndogo, natumia, kinachobaki sikiweki kwa ajili ya mwakani.

Niseme kitu kuhusu namba, kwa sababu watu wa kompyuta ndio watakaonaswa hapa. Umezoea kwamba toleo 5.1 ni toleo 5 lililorekebishwa. Kwenye breki sivyo. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja ya glaikoli. DOT 5 ni silikoni, kitu kingine kabisa, hakichanganywi na hizo nyingine na hakifai kwenye gari zenye ABS. Aliyepanga namba hizi angefukuzwa kazi kwenye kampuni yoyote ya programu. Soma kifuniko cha kitangi, kimeandikwa kinachotakiwa. Toyota nyingi za kutoka Japani zinataka DOT 3. Na usikubali kuwekewa mafuta ya injini au ya usukani hata tone. Mipira ya breki inavimba na kuharibika, na hapo utanunua karibu mfumo mzima.

Kuhusu ABS: wapo wanaoniambia gari za siku hizi zina kompyuta, itajua yenyewe. ABS imekuwepo tangu 1978, Bosch walipoipeleka sokoni kwenye Mercedes-Benz, na mimi ni wa kwanza kuisifu. Februari 2010 Toyota ilirudisha magari zaidi ya 400,000 ya mseto, Prius zikiwemo, ili kubadilisha programu ya ABS, yaani breki zilitengenezwa kwa kuandika msimbo upya. Lakini programu ile inafungua na kufunga valvu tu. Kinachopita kwenye valvu ni majimaji yaleyale. Kama yamechemka, kompyuta itafungua na kufunga mvuke, kwa ustadi mkubwa. Na kama yana maji ya miaka sita, valvu zenyewe ndizo zinazoliwa na kutu, na bei ya kile kifaa ukiulizia utakaa chini.

Sasa, gari zetu zinatoka wapi? Nyingi zinashuka bandarini hapa zikitoka Japani, zikiwa zimetumika, na sheria inataka zisizidi miaka 8. Kule Japani gari ya kawaida hukaguliwa na serikali ikifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na wengi hubadilisha mafuta ya breki katika ukaguzi huo. Ukibahatika utakuta stika kwenye fremu ya mlango au chini ya bonneti yenye tarehe za kazi zilizofanywa. Miaka yao huandikwa kwa enzi: Reiwa 1 ni 2019, kwa hiyo Reiwa 5 ni 2023. Stika hiyo ndiyo historia ya mwisho iliyoandikwa ya gari hiyo. Kuanzia siku inapotoka getini Kilindini, historia inahamia kichwani mwa fundi, na fundi ana gari 40 kichwani.

Jambo linalonishangaza ni kwamba maarifa yenyewe tunayo. Nenda Changamwe alfajiri, yanapoegeshwa malori ya kontena. Breki za lori ni za upepo, na hewa ya pwani ikisindikwa inaacha maji ndani ya mitungi. Dereva wa lori au taniboi wake anajua, bila kwenda shule: kila siku unafungua valvu chini ya mtungi, pshhhh, maji yanatoka. Hakuna anayemwambia "hewa haitolewi, huongezwa tu". Halafu mtu huyohuyo jioni anapanda Vitz yake kwenda Mikindani na breki zenye maji ya mwaka juzi na mwaka ule.

Tofauti ni nini? Ya lori yana sauti, unayaona yakimwagika chini. Ya gari ndogo hayaonekani. Rangi inadanganya pia. Mafuta mapya ni meupe au ya njano hafifu, ya zamani huwa meusi kama chai ya mkandaa, lakini yanaweza kuwa na maji mengi huku yakiwa bado na rangi nzuri. Zipo kalamu za kupimia zenye vitaa, unachovya, inawaka kijani au nyekundu. Si mbaya kama dokezo. Mimi siziamini kuliko kalenda. Watengenezaji wengi wanaandika miaka 2, wengine 3. Kwa unyevu wetu huu mimi nachukua 2 na sibishani.

Kazi yenyewe? Lita moja inatosha gari ndogo, na bei yake haifikii nusu tangi la petroli. Unanyonya uchafu ulioko kitangini kwa sindano kubwa ya duka la dawa, unajaza mapya. Kisha gurudumu kwa gurudumu, kwa kawaida ukianza lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari zetu za usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, ila kitabu cha gari kikisema vingine fuata kitabu. Mmoja ndani, mmoja chini. Wa ndani anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua skrubu ya kutolea upepo yenye mpira uliozama kwenye chupa, mafuta ya zamani yanatoka, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Asiachie kabla! Mnarudia hadi yatoke masafi, na kitangi kisikauke hata mara moja, la sivyo mmeingiza hewa na mnaanza upya. Kwa gari kuukuu wa ndani asizamishe pedali hadi mwisho. Kule ndani ya silinda ambako pistoni haijazoea kufika kuna kutu, na inachana mipira.

Shida ya pwani ni skrubu zenyewe. Chumvi inazikamata, na ukilazimisha zinakatika. Siku mbili kabla pulizia dawa ya kulegeza kutu. Na hii ni sababu nyingine ya kufanya kila miaka 2: skrubu inayofunguliwa mara kwa mara inafunguka.

Kama hujawahi, usijifunzie kwenye gari ya familia peke yako. Mpelekee fundi, ila simama uangalie, na uje na chupa yako iliyofungwa.

Sasa ombi langu kwa wenye gereji, ndilo lililonifanya niandike. Ukibadilisha oili ya injini, karibu gereji zote hutundika kadi ndani ya bonneti: tarehe, kilomita, servis ijayo. Kadi hiyo imefanya kazi kubwa kuliko mahubiri yoyote. Hata mjomba, asiyeamini jambo lolote ninalosema, anaiheshimu kadi. Ikisema 5,000 zimefika, anakwenda. Hakuna aliyemfundisha kemia ya oili. Aliwekewa tarehe tu.

Ongezeni mstari mmoja kwenye kadi hiyo: "Mafuta ya breki: aina, tarehe yalipobadilishwa, tarehe ijayo." Na chini yake nafasi ndogo: "Yakishuka, kagua pedi kwanza." Mpaka hapo itakapotokea, mimi nimebandika kipande cha selotepu ya karatasi kwenye kitangi cha ile Probox, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito DOT 3 na mwezi na mwaka. Mjomba ananiambia nimeichafua gari.

Mwenye gereji yeyote wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayetaka hiyo kadi, aniandikie. Nitamchorea bure, na jina la gereji yake juu, tayari kupelekwa kwa mpiga chapa.